Sentensi ya Kijapani kwa Mwanafunzi wa Matiliku: Muundo Wake wa Msingi kwa Njia ya Kiswahili na Kikamba

1. UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza muundo wa msingi wa sentensi ya Kijapani kwa mtu anayeanza kujifunza lugha hiyo naye akiwa msemaji wa Kiswahili na wa lugha nyingine ya Kibantu. Ili maelezo yasielee hewani, tutamchukua mwanafunzi mmoja wa kubuni kutoka Matiliku, soko lililoko katika eneo la Nzaui, Makueni. Mwanafunzi huyo amelelewa katika Kikamba, na shuleni amesomeshwa Kiswahili na Kiingereza. Swali letu ni hili: atumie lugha ipi kuwa daraja la kumvusha hadi Kijapani?

Huenda msomaji akauliza Matiliku na Japani zina uhusiano gani. Uhusiano upo. Wajapani wa kujitolea walianza kuja Kenya mwaka 1966, na wengi wao wamefundisha hisabati na sayansi katika shule za mashambani. Mwaka 1998 ulipoanzishwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa kifupi kama SMASSE na kusaidiwa na serikali ya Japani, Makueni ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio. Aidha, Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, lina idhaa ya Kiswahili na hutoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, mwanafunzi wetu atakaposhika kitabu cha Kijapani, aghalabu kitakuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, na maelezo yake yatakuwa yamekusudiwa mtu anayefikiri kwa Kiingereza.

Hoja yetu ni kwamba daraja hilo humficha mwanafunzi mambo ambayo tayari anayo mkononi. Yako mambo katika sentensi ya Kijapani ambayo Mwingereza huyaona kuwa mageni kabisa, na ambayo msemaji wa Kiswahili au Kikamba huyatenda kila siku bila kufundishwa. Yako pia mengine ambayo ni kinyume kabisa cha mazoea ya Kibantu. Mwalimu anapaswa kuyatenga mafungu hayo mawili.

Tatizo la kupima lugha moja kwa kipimo cha lugha nyingine si geni. Kati ya 1604 na 1608, Padri Mjesuiti wa Kireno, João Rodrigues, alichapisha huko Nagasaki sarufi kubwa ya Kijapani iliyopanga majina ya lugha hiyo katika kauli za Kilatini. Mwaka 1850 J. L. Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili na, katika mwaka huo huo, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo. Na mwaka 1895 kituo cha kwanza cha misheni ya Africa Inland kilijengwa Nzaui, katika eneo hilo hilo la Matiliku, na wageni wakaanza kujifunza Kikamba papo hapo. Wote hao walitegemea lugha walizozijua kwanza, na hapana awezaye kuwalaumu kwa hilo. Sasa zamu ni yetu: sisi nasi tuna lugha tunazozijua kwanza.

Tunatanguliza tahadhari mbili. Kwanza, Kijapani hakina nasaba na lugha za Kibantu. Mifanano tutakayoitaja ni ya muundo au ya bahati. Pili, maneno ya Kijapani tumeyaandika kwa herufi za Kirumi, na mstari juu ya irabu huonyesha kwamba irabu hiyo ni ndefu. Irabu zenyewe ni tano kama za Kiswahili (a, e, i, o, u), na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kwa Mkamba mwenye irabu saba katika lugha yake, upande huu hautakuwa na uzito mkubwa.

2. MAHALI PA KITENZI

Katika Kiswahili na Kikamba, mpangilio wa kawaida ni kiima, kitenzi, kisha yambwa. Katika Kijapani kitenzi hukaa mwisho:

(1) Mutua alisoma kitabu.
Mutua ga hon o yonda.
[Mutua + ga, kitabu + o, alisoma]

(2) Jana Mwende alinunua maembe sokoni.
Mwende wa kinō ichiba de mango o katta.
[Mwende + wa, jana, soko + de, maembe + o, alinunua]

Kanuni hii haina msamaha katika maandishi ya kawaida. Maneno mengine yaweza kupangwa upya, lakini kitenzi hakiondoki mahali pake. Na si kitenzi peke yake kinachokaa mwisho. Wakati, ukanushi, heshima na swali navyo hufuatana huko huko mwishoni:

(3) Mwende wa mango o katta. (Mwende alinunua maembe.)
(4) Mwende wa mango o kawanakatta. (Mwende hakununua maembe.)
(5) Mwende wa mango o kaimashita ka. (Mwende alinunua maembe? – kwa adabu)

Tazama tofauti na Kiswahili. Katika neno "hakununua", msikilizaji ameujua ukanushi tangu silabi ya kwanza, "ha-". Mjapani humngoja msemaji afike mwisho ndipo ajue kama jambo lilitendeka au halikutendeka. Kwa hiyo mwanafunzi anayezoea kukata shauri mapema juu ya maana ya sentensi atapotea. Afundishwe kusikiliza hadi mwisho kabla hajajibu. Zoezi jema ni kumsomea sentensi kama (3) na (4) zikiwa zimefanana hadi neno la mwisho, naye aseme tu "ndiyo" au "la".

3. VIJINENO: NANI ALIMTENDA NANI

Katika mifano hapo juu yameonekana maneno madogo: ga, o, wa, de, ka. Tutayaita vijineno. Kila kijineno hufuata neno linalokihusu na kutaja kazi yake katika sentensi. Hapa ndipo penye kiini cha sarufi ya Kijapani, na hapa ndipo lugha za Kibantu zinapotofautiana nayo kwa namna inayofundisha.

Katika Kiswahili, uhusiano wa nomino na kitenzi huandikwa ndani ya kitenzi chenyewe kwa viambishi vya ngeli. Ndiyo maana twaweza kusema:

(6) Kitabu alikisoma Mutua.

Ingawa "kitabu" kimetangulia, hakuna atakayedhani kwamba kitabu kilimsoma Mutua. Kiambishi "a-" kinamtaja Mutua na "-ki-" kinakitaja kitabu. Lakini msaada huo hupungua nomino zote mbili zikiwa za ngeli moja:

(7) Mbwa alimuuma Mutua.
(8) Mutua alimuuma mbwa.

Hapa viambishi ni vile vile, "a-" na "-mu-", na mpangilio pekee ndio unaotuambia ni nani aliyeumwa. Sasa tazama Kijapani:

(9) Inu ga Mutua o kanda.
(10) Mutua o inu ga kanda.

Sentensi zote mbili zina maana ya (7): mbwa ndiye aliyeuma. Maneno yamebadilishana nafasi, lakini ga imebaki na mbwa (inu), na o imebaki na Mutua. Kitenzi kanda (aliuma) hakimtaji yeyote kati yao. Kwa ufupi, Kiswahili huweka alama za uhusiano kwenye kitenzi, na Kijapani huziweka kwenye nomino. Mwanafunzi akilielewa hili mapema, ataacha kutafuta viambishi vya nafsi katika kitenzi cha Kijapani, maana havimo.

Vijineno vya mahali vitamfurahisha mwanafunzi wetu. Kiswahili huongeza "-ni" mwishoni mwa nomino: sokoni, nyumbani. Kikamba nacho kina nyũmbanĩ. Kijapani kina kijineno ni:

(11) Ichiba ni iku. (Kwenda sokoni.)
(12) Ichiba ni mango ga aru. (Sokoni kuna maembe.)

Mfanano huu wa sauti ni wa bahati tu, lakini ni kamba nzuri ya kushikia kumbukumbu. Hata hivyo kamba hiyo ina mwisho wake. "-ni" ya Kiswahili hutumika pia kwa mahali ambapo tendo linatendeka, ilhali Kijapani hapo hutaka de, kama ilivyo katika mfano (2), ichiba de. Mwalimu aeleze hivi: ni ni ya mahali pa kuwapo au pa kuelekea, na de ni ya mahali pa kutendea.

Mfano (12) unaleta jambo jingine. Kwa maembe Kijapani husema aru, lakini kwa mtu au mnyama husema iru: hito ga iru, kuna mtu, inu ga iru, kuna mbwa. Mwingereza hulazimika kulikariri hilo. Msemaji wa Kiswahili tayari anajua kwamba mbwa, ijapokuwa umbo la jina lake si la ngeli ya kwanza, huchukua upatanisho wa a-wa kwa sababu ana uhai na mwendo. Anajua pia kwamba mti, ijapokuwa unaota na kufa, hauchukui upatanisho huo. Kijapani nacho huuhesabu mti pamoja na vitu: ki ga aru, kuna mti. Mipaka ya uhai katika lugha hizi mbili inakaribiana sana.

4. MADA NA KIIMA: WA NA GA

Hapana jambo linalowasumbua wanaojifunza Kijapani kama tofauti ya wa na ga. Vitabu vingi huanza kwa kusema kwamba vyote viwili ni alama za kiima, kisha hutumia kurasa nyingi kuondoa matatizo yaliyoletwa na maelezo hayo. Ni afadhali kuanza na Kiswahili.

Wa ni alama ya mada, yaani jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalijua na sasa linazungumzwa. Kiswahili hutenga mada kwa kuitanguliza na kutua kidogo:

(13) Kitabu hiki, Mutua alikisoma.
Kono hon wa Mutua ga yonda.

Katika (13) kitabu ni yambwa, wala si kiima, lakini kimechukua wa kwa sababu ndicho kinachozungumzwa. Mutua amechukua ga kwa kuwa ndiye kiima. Kituo cha sauti baada ya "kitabu hiki" ndicho kinachofanya kazi ya wa.

Sentensi iliyovuma katika mjadala huu ni ile ambayo mtaalamu Mikami Akira aliifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1960:

(14) Zō wa hana ga nagai.
[ndovu + wa, pua + ga, ndefu]

Kwa Kiingereza sentensi hii huonekana kama yenye viima viwili, jambo linalotisha. Kwa Kiswahili hakuna la kutisha: "Ndovu, pua yake ni ndefu." Kila mtu husema hivyo. Ndovu ni mada, pua ni kiima, ndefu ni kiarifa. (Mkamba atatabasamu kusikia kwamba ndovu kwa Kijapani ni zō, maana yeye humwita nzou. Asijenge nasaba juu ya hilo: zō ni neno ambalo Wajapani walilipokea kutoka Kichina.)

Sasa tuitazame ga. Mwaka 1973 Kuno Susumu, katika kitabu chake juu ya muundo wa Kijapani, alipambanua matumizi kadhaa ya wa na ga. Mawili ya ga yanatuhusu hapa. La kwanza ni ga ya kuteua mmoja na kuwaacha wengine. Kiswahili kina neno lake kamili:

(15) Mutua wa kyōshi desu. (Mutua ni mwalimu.)
(16) Mutua ga kyōshi desu. (Mutua ndiye mwalimu.)

Sentensi (15) hujibu swali "Mutua ni nani?" Sentensi (16) hujibu swali "Mwalimu ni nani?" Na swali lenyewe kwa Kijapani ni Dare ga kyōshi desu ka. Haisemwi dare wa, kwa kuwa mtu asiyejulikana hawezi kuwa mada. Kikamba kinatoa ushahidi wa kuvutia. Neno la kuuliza mtu, nũũ, limekwisha kubeba ndani yake nĩ, alama ambayo Kikamba huitumia kuelekeza mkazo, na jibu huja na nĩ hiyo hiyo: Nĩ Mutua. Mkamba, basi, tayari ana mazoea ya swali na jibu kubeba alama moja. Tusiseme kwamba nĩ ni sawa na ga katika kila jambo, maana nĩ ina kazi nyingine nyingi, hasa pamoja na vitenzi. Twasema tu kwamba mlango wa kuingilia uko wazi.

Matumizi ya pili ya ga ni kuleta habari mpya yote kwa pamoja, pasipo mada. Hapa Kiswahili hutumia kiambishi cha mahali "ku-" na kukirudisha kiima nyuma:

(17) Kyaku ga kita. (Kumekuja mgeni.)
(18) Kyaku wa kita. (Mgeni amekuja.)

Anayesema (17) analeta habari ya mgeni asiyetazamiwa. Anayesema (18) anazungumzia mgeni aliyekwisha kutajwa, na pengine anamlinganisha na mtu mwingine ambaye hakuja. Hali kadhalika, Ame ga futta, "mvua imenyesha", ndiyo kauli ya mtu anayetoka nje asubuhi na kuona ardhi imelowa. Katika nchi kavu kama Makueni kauli hiyo ni habari kubwa, na hakuna atakayeitamka kana kwamba mvua ni mada ya zamani.

5. KIIMA KISICHOTAJWA

Mwanafunzi aliyefundishwa kwa njia ya Kiingereza huanza kila sentensi kwa watashi wa, "mimi". Mjapani husikia hivyo kama sisi tunavyomsikia mgeni asemaye: "Mimi niliamka, mimi nilikunywa chai, mimi nilikwenda shuleni." Si kosa la sarufi, lakini masikio yanachoka. Msemaji wa Kibantu hana haja ya kufundishwa adabu hii. Ahimizwe tu asiitupe anapoingia Kijapani.

Iko tofauti moja, hata hivyo. Tukisema "alisoma", nafsi imo ndani ya "a-". Mjapani akisema yonda, nafsi haimo kabisa. Huenda ni mimi, wewe, yeye au wao. Muktadha ndio unaoamua. Kwa hiyo mwanafunzi wetu ana wepesi wa kutolitaja jina, lakini ana uzito wa kulitambua lisipotajwa. Zoezi lifaalo ni hadithi fupi ambamo mada hutajwa mara moja kwa wa, kisha sentensi tatu au nne hufuata bila kiima, naye aulizwe kila mara: ni nani?

6. NOMINO NA VIANDAMIZI VYAKE

Katika Kibantu nomino hutangulia na sifa zake hufuata. Katika Kijapani sifa zote hutangulia:

(19) kitabu kikubwa – ōkii hon
(20) kitabu cha Mutua – Mutua no hon
(21) maembe aliyonunua sokoni Mwende – Mwende ga ichiba de katta mango

Mfano (21) unastahili kutazamwa kwa utulivu. Tukiyapa maneno ya Kiswahili namba, yaani maembe (1), aliyonunua (2), sokoni (3), Mwende (4), Kijapani kitasomeka 4, 3, 2, 1. Ni sura moja katika kioo. Aidha Kijapani hakina kitu kama "-yo-" rejeshi. Sentensi nzima huwekwa mbele ya nomino, basi. Mwanafunzi aliyesumbuka na -ye-, -cho-, -lo-, -yo- atapumua.

7. KITENZI NA MINYAMBULIKO YAKE

Tumalizie na jambo ambalo halitajwi katika vitabu vya Kiingereza kwa kuwa Kiingereza hakina mfano wake. Kitenzi cha Kijapani, kama cha Kiswahili, hunyambuliwa kwa viambishi tamati:

(22) l-ish-w-a (lishwa)
(23) tabe-sase-rare-ru (lishwa, lazimishwa kula)

Katika zote mbili mzizi hutangulia, hufuata kiambishi cha kusababisha (-ish-, -sase-), kisha cha kutendwa (-w-, -rare-). Mpangilio ni ule ule. Lugha hizi huachana zinapofika kwenye ukanushi na wakati: "ha-ku-l-ish-w-a" huanza navyo, na tabe-sase-rare-nakat-ta humaliza navyo, ukanushi kwanza na wakati mwisho. Twaweza kumwambia mwanafunzi hivi: nusu ya nyuma ya kitenzi chako unayo tayari, nusu ya mbele ihamishie mwisho.

8. HITIMISHO

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mpango ufuatao wa masomo ya mwanzo. Kwanza, kitenzi mwishoni, kwa sentensi fupi za o. Pili, vijineno vya mahali, ni na de, kwa msaada wa "-ni" ya Kiswahili. Tatu, aru na iru kwa msaada wa ngeli ya a-wa. Nne, wa kwa msaada wa mada iliyotengwa kwa kituo. Tano, ga kwa msaada wa "ndi-" na wa "ku-". Sita, sifa zinazotangulia nomino. Saba, minyambuliko. Mpango huu huanza na lililo geni kabisa lakini jepesi, na huyaweka magumu mahali ambapo lugha ya mwanafunzi yaweza kuyabeba.

Kwetu sisi walimu wa lugha, manufaa yake yanapita Kijapani. Mwaka 1944 E. O. Ashton alitufunza kuitazama sarufi ya Kiswahili kwa kufuata umbo na mantiki ya Kiswahili chenyewe. Imebaki hatua moja: kuitumia sarufi hiyo kama kipimo cha lugha nyingine, hata zile za mbali. Mwanafunzi wa Matiliku akielezwa ga kwa "ndiye", atakuwa amejifunza Kijapani, na papo hapo atakuwa ametambua kwamba "ndiye" na nĩ, ambazo amezisema tangu utotoni, ni sarufi yenye kustahili kuchunguzwa. Walimu wa Kikamba, Kiswahili na Kijapani wangefaa kuketi pamoja na kuuandika mwongozo wa namna hiyo. Kazi si ndogo, lakini malighafi yake iko hapa hapa.